Hoteli Katika Mji wa Dada

Baba alinipa simu yake juu ya bakuli la mchuzi, akasema, "Nitafutie hoteli Bologna. Iwe katikati ya mji, pasafi, pasiwe na mbwa."

Mama alikuwa anapakua wali. Upawa ulisimama hewani kidogo, kisha ukaendelea, lakini wali ulioangukia sahani yangu ulikuwa mwingi kuliko ninavyokula, na hakuupunguza. Mimi nilisema "Abee baba," nikaipokea simu. Tulikula mpaka mwisho tukisikiliza lifti ya jengo ikipanda na kushuka.

Bologna ndiko anakokaa dada yangu. Ameolewa huko, ana mtoto wa kiume ambaye sisi tumemwona kwenye simu tu, na mama humbusu kwenye kioo mpaka kinaingia ukungu.

Kwetu mtu mwenye mtoto katika mji hafikii hoteli. Hata kama mtoto ana chumba kimoja, hata kama utalala jikoni na miguu iguse jiko, unafikia kwake. Ukienda hoteli umewatangazia watu kwamba pale huna mtu. Baba anaijua desturi hiyo kuliko mimi. Wageni kutoka Unguja wanaokuja hapa Guangzhou, Uchina, kununua mali hulala sebuleni kwetu, na hoteli zimejaa tele hapa mtaani kwetu Xiaobei, moja iko chini ya jengo letu hili hili. Siku moja mgeni mmoja alichukua chumba kule chini kwa sababu aliona haya kutusumbua. Baba alishuka mwenyewe akalibeba begi lake juu, na alikaa wiki nzima amemnunia.

Kwa hiyo aliposema hoteli, sote watatu tulielewa amesema nini.

Tangu dada aolewe baba hajazungumza naye. Mume wake ni kijana wa Kitaliano aliyekuja hapa kusoma Kichina wakati dada anasomea ufamasia. Alisilimu, na jambo hilo baba hajalitia dosari hata siku moja. Dosari ni nyingine. Baadaye dada alipokwenda Italia kuendelea na masomo, kijana alimpigia baba simu kumposa dada. Baba akasema hapana, akakata. Baada ya miezi kadhaa tukasikia wameoana msikitini, imamu wa kule amesimama badala ya walii wa kumwozesha. Baba alisema sentensi moja tu, na mpaka leo huirudia akikasirika: "Walii yuko hai, wakatafuta walii."

Sasa ilikuwa likizo ya shule, na mama alikuwa ameomba safari hii kwa namna yake, yaani bila kuomba. Aliweka picha ya mjukuu kwenye friji. Baba akaanza kuzungumzia Italia kama mahali pa kutembea tu, kupumzika, watu wengine wanakwenda kwa nini sisi tusiende. Kwanza alisema Roma. Baadaye akasema Bologna, kwa sababu kule kuna viwanda vya mashine za kufungashia na wateja wake wa Dar wamemuuliza. Sikujua kama mashine ni kisingizio au ni kweli. Mama naye hakujua, na aliogopa kuuliza, maana ukimuuliza baba sana kitu kilichokaribia kuiva anakiepua kibichi.

Nilichojua ni hiki: baba akilala hoteli katika mji wa dada, hatarudi tena kuwa baba yake. Na hoteli yenyewe nimeambiwa niitafute mimi.

Niseme ukweli, mimi si mtu wa kusema. Shuleni mwalimu akiniuliza swali shingo yangu inapata moto, nikijua jibu ndiyo inazidi. Lakini kwa baba nasema tangu nikiwa mdogo, kwa sababu yale si maneno yangu, ni yake. Yeye anasema Kiswahili, mimi nageuza Kichina au Kiingereza. Nimesimama naye kwenye maduka ya taa, ya vigae, ya milango. Najua anavyonunua.

Anauliza bei. Laoban, yaani mwenye duka, anaitaja. Baba anacheka kama ameambiwa kichekesho cha msiba. Anataja yake. Laoban anakataa. Baba anaweka sampuli mezani taratibu, anasema "Mwanangu, twende," tunaelekea mlangoni. Pale mlangoni ndipo penye kazi. Huwa anapunguza mwendo. Anashika begi vizuri, anatazama kiatu, anauliza kama nimesahau mwavuli. Anampa mtu nafasi ya kumwita. Na karibu kila mara anaitwa, "Rafiki, rafiki, njoo!" naye hurudi na uso wa mtu aliyelazimishwa. Nilipokuwa mdogo nilidhani kweli tunaondoka, nikawa nasikitika. Siku hizi najua kwamba hapana ya kwanza si hapana. Ni kugonga mlango.

Basi nikatafuta. Baba alikaa pembeni yangu kwenye kochi akikagua picha za vyumba kama anavyokagua mali.

"Kuza hapo kwenye kona. Kuza. Chumba hiki kidogo, wamepigia picha juu ya kabati."

"Hiki je, baba?"

"Pazia limeficha nini? Dirisha hilo linatazama ukuta. Pita."

Alipoona picha ya bafu akanishika mkono. "Hiki nini? Sinki ya watoto?"

"Ya kujiosha, baba. Baada ya choo. Wataliano karibu wote wanayo."

Alikitazama kile chombo kwa heshima. "Kumbe ni watu," akasema. Mama alicheka jikoni, na kwa dakika moja ilikuwa kama safari ya watu wa kawaida.

Wakati huo huo simu yangu mimi ilikuwa inatetemeka chini ya paja. Dada. Kila siku alinitumia ujumbe wa sauti, na nilikuwa nausikiliza nikiwa nimejifungia chooni, maji yakiwa wazi.

"Mdogo wangu, mtafikia wapi? Nimetandika kile chumba cha nyuma. Mwenzangu ametoa kitanda cha mtoto, amepaka rangi. Usimwambie baba kama nimeuliza. Wewe niambie tu, nikimwambia aje, ataona namdharau? Au ninyamaze?"

Ningemjibu nini? Kwamba niko hapa nachagua kati ya mapazia?

Tulipata nyumba ya kupanga, ya mama mmoja wa Kitaliano, karibu na zile barabara zenye mapaa juu ya njia ya miguu ambako hata mvua ikinyesha hulowi. Vyumba viwili, safi, hapana mbwa. Nikaiwekea nafasi. Baba akaridhika siku moja nzima, halafu akasema, "Muulize bei ya mwisho."

"Baba, ile ndiyo bei."

"Ile ni bei ya kwanza. Muulize."

Nikamwandikia. Yule mama akajibu kwa adabu, na alama ya uso unaocheka, kwamba bei ni ile ile kwa wote. Baba akacheka cheko lake la dukani.

"Futa."

"Baba, tukifuta..."

"Futa, mwanangu. Atatuita."

Nilitaka kusema kwamba kule hakuna mlango wa kupunguzia mwendo, kwamba ukibonyeza umebonyeza. Nikafuta. Baba aliiweka simu mezani, uso juu, akaenda kuswali akiwa ametulia kabisa.

Hakuna aliyetuita. Asubuhi nilipofungua, nyumba ile ilikuwa imechukuliwa. Nikatafuta nyingine, na nyingine. Kumbe wiki ile ya safari yetu mjini kulikuwa na maonyesho makubwa ya biashara, na watu walikuwa wamejaza kila kitanda. Kilichobaki ni bweni la kulala wanaume kwa wanawake chumba kimoja, hoteli iliyoko mji mwingine kabisa wa kupanda treni, na moja ya kifahari ambayo baba aliitazama mara moja akasema, "Hapa wanauza hoteli, hawapangishi."

Siku ya miadi ya viza ilikuwa Alhamisi. Ofisi ya viza inataka uonyeshe utakapolala, hoteli iliyolipiwa au barua ya mwenyeji wako. Nasi tulikuwa tayari Jumanne.

"Basi," alisema baba usiku ule wakati wa chakula. "Tutaiahirisha."

Nyumbani kwetu kitu kikiahirishwa kimekufa. Sote tunajua. Mama alisimama, akakusanya sahani, pamoja na yangu ambayo sikuwa nimeimaliza. "Mimi sina la kusema," akasema. Ningependa angepiga kelele. Baadaye nilipokwenda kunywa maji niliona picha ya mjukuu haipo kwenye friji. Mama ameitoa mwenyewe.

Jumatano nilishinda ofisini kwa baba kwenye jengo la biashara la barabara ya Huanshi Zhonglu. Ofisi yenyewe ni chumba kimoja ambacho baba anakitumia pamoja na mzee mwenzake wa Kiunguja anayeshughulika na usafirishaji wa makontena. Mimi humwita ami. Ulimi wake hauna kufuli.

"Yakhe," alimwambia baba, huku akifunga katoni kwa utepe wa gundi, "nasikia mnatafuta hoteli Italia. Kwani binti yako kahama?"

Baba hakuinua uso. "Hajahama."

"Nyumba imeungua?"

"Yakhe, lile kontena lako lishafika bandarini Huangpu?"

"Lishafika. Langu lina bandari. Wako wewe ndio mzigo unaozunguka baharini hauna pa kushushwa."

Baba anaheshimika, watu hawamwambii hivyo. Alifunga kikokotoo chake, akakifungua, akakifunga tena. Shingo yake ilikuwa imevimba. Nilidhani atasimama atoke, na akitoka hivyo, hata ami atakuwa amempoteza. Hakutoka. Aliitazama simu yake iliyolala mezani, uso juu, akaisogeza kidogo kwa kidole ikae sawa.

Hapo ndipo nikakumbuka.

Wiki ile aliyosema hapana, miaka ile, nilikuwa mdogo lakini nilikuwepo. Baba alikuwa anatembea na chaja mfukoni. Msalani na simu, kwenye mswala simu pembeni, jambo ambalo alikuwa akitukataza sisi. Kila ikilia anaruka, akiona ni mteja anaipokea kwa sauti ya kukata tamaa. Mama alimuuliza, "Una mgonjwa?" Akasema hana. Ilichukua wiki nyingi kabla chaja haijarudi kwenye ndoano yake. Mimi nilidhani ni biashara.

Alikuwa mlangoni. Alikuwa ameweka sampuli mezani akaelekea mlangoni, anashika begi, anatazama kiatu, anangoja kuitwa. Na dada hakujua, kwa sababu dada hajawahi kukaa dukani na baba hata siku moja. Yeye alikuwa wa vitabu. Aliposikia hapana, akaamini ni hapana.

Nilitoka nikaenda kwenye ngazi za dharura, mahali wavutaji sigara wanapojificha, nikabonyeza kurekodi. Mara ya kwanza nilipumua tu. Mara ya pili nilisema "Dada" nikafuta. Chini yangu watu wawili walikuwa wanapandisha milango iliyofungwa kwa maboksi, nikangoja wapite.

"Dada, acha kuniuliza mimi. Mpigie yeye. Usimuulize atafikia wapi, mwambie aje. Atasema hapana. Akisema hapana mwambie tena. Usikate. Tafadhali usikate wewe kwanza."

Kule ilikuwa asubuhi. Alijibu kwa maandishi: *Nikipiga asipokee?*

Nikaandika: *Piga tena.*

Nilirudi ofisini nikaketi, mikono nimeikalia. Dakika zilipita. Ami alikuwa anahesabu katoni kwa kunong'ona. Kisha simu ya baba ikalia, na kwa mbali nikaona picha ya dada, ile ya zamani ya sare ya shule. Baba hajawahi kuibadilisha, wala kuifuta.

Aliitazama. Aliitazama mpaka ikanyamaza.

Ami aliacha kuhesabu. Mimi nilikuwa nimebana meno mpaka sikio likauma. Ndani yangu nilikuwa nasema, rudia, rudia, dada, hiyo moja si kitu. Lakini nilimjua dada yangu. Ni mtu wa adabu. Mtu wa adabu asipopokelewa simu hutulia, husema labda ana kazi. Baba alichukua kalamu. Aliandika kitu juu ya katoni, sijui nini, nadhani hakuandika kitu.

Ikalia tena.

Baba alifuta mkono kwenye suruali, akaipokea. "Alo," akasema, kama kwa mtu wa benki.

Simu yake ina sauti kubwa, tulisikia sote. "Shikamoo baba."

Shikamoo haiachwi hewani. Hata kwa adui.

"Marahaba."

"Baba, mje nyumbani. Chumba kipo."

"Hapana. Sisi tutafikia hoteli."

Hoteli gani? Hakukuwa na hata kitanda. Ami alifungua mdomo, nikamtazama, na sijawahi kumtazama mtu mzima namna ile. Akaufunga.

Nikasema moyoni, amekata. Amekubali hapana, amekata.

"Sitaki hoteli, baba," ikaja sauti, ndogo, inatetemeka. "Nataka mje nyumbani."

"Una mtoto mchanga. Mtasongamana."

Nilishusha pumzi bila kutaka. Nimetafsiri maneno ya namna hiyo maisha yangu yote. Mtu akiacha kusema hapana akaanza kusema habari za nafasi na usafiri, ameshageuka. Lakini dada hakujua, na sikuwa na njia ya kumwambia.

"Tusongamane," akasema dada.

Baba akasimama. Alitembea mpaka dirishani, akatugeuzia mgongo.

"Huyo mwenzio," alisema, na sauti yake haikuwa ya benki tena, "aliniuliza mara moja. Binti yangu wa kwanza. Mtu ananunua shati kwa kuuliza mara tatu. Yeye aliniuliza mara moja."

"Baba, ulisema hapana."

"Nilisema hapana mara moja!"

Nje honi zilikuwa zinapigwa barabarani. Dada alikuwa analia, na alikuwa anajaribu kulia bila sauti, ambayo ndiyo sauti mbaya kuliko zote. Nilidhani sasa baba atakata kwa sababu hawezi kusikia mtu analia. Aliitoa simu sikioni. Akaitazama. Akairudisha.

"Nyamaza. Nyamaza, mama. Utamwamsha mtoto." Halafu, baada ya muda: "Tutakuja. Lakini mgeni siku mbili, na mimi nakaa wiki. Siku ya tatu mtanipa jembe?"

"Hapa ghorofani baba, tutalima wapi?" alisema dada, na sikuweza kujua kama anacheka au bado analia. Nadhani hata yeye hakujua.

Baba alipomaliza aliirudisha simu mezani, akakaa, akaanza kutafuta kalamu iliyokuwa mkononi mwake. "Andika anwani ya dada yako kwenye mambo ya viza," akaniambia. "Mwambie alete hiyo barua ya mwenyeji leo leo." Na kabla sijasimama: "Sijasema yamekwisha. Na yule kijana nina maneno naye, uso kwa uso."

"Kwa lugha gani, yakhe?" aliuliza ami.

"Kichina," alisema baba. "Si ndicho alichokuja kukisoma?"

Akaniambia nimpigie mama. Mwenyewe hakutaka kumpigia. Nilitoka tena kwenye ngazi. Mama alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, kisha akauliza, "Kasema kwa mdomo wake?"

"Kwa mdomo wake, mama. Ami alikuwepo."

Nilisikia akizima jiko. "Basi usimwambie mtu," akasema. "Hata hapo mtaani Dengfeng, mtu akikuuliza tunafikia wapi, sema hatujapata. Mpaka tushuke kwenye ndege. Baba yako namjua."

Viza zimetoka. Tunaondoka wiki ijayo, na mimi nimefanya kama nilivyoagizwa, nawaambia watu hatujapata, na kila nikisema hivyo naogopa nisije nikaiombea mabaya safari. Picha haijarudi kwenye friji. Asubuhi, baba akiwa bafuni ananyoa, nasikia akijizoeza maneno ya kumwambia yule kijana, kwa Kichina cha sokoni, cha kupandisha na kushusha bei. Kuna mahali hufika akasimama. Anaanza upya tangu mwanzo, na kila siku anapaza sauti zaidi.